Mfuko wa Paja

Mtu akitaka kumdanganya Athanase fundi wa ngozi, ajipange vizuri. Alphonsine hakujipanga. Alifika mchana kweupe, soko la Likasi limefurika, akasimama mbele ya meza ya fundi akiwa amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, maana mumewe Germain alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Akatoa kipande cha katoni kilichochorwa umbo kwa mkaa.

"Ni ya ndugu yangu," akasema. "Anataka mufuko ya kuvaa ku paja."

Athanase akaigeuza katoni huku na huku. Hata mtoto wa kunyonya angejua ile ni bastola. "Na paja yake iko namna gani?"

Alphonsine akamkabidhi kamba aliyoitia fundo mahali alipopimia. Fundi akaizungusha mezani, akalitazama lile duara, akamtazama mama mwenyewe, akacheka kwa pua.

"Mama Aimée, huyu ndugu yako iko na paja ya mama wa batoto tano."

"Minye niko na mumoja tu," Alphonsine akajibu, na hapohapo akajua amejifunga kwa mdomo wake. Athanase akaacha kucheka. Akainua turubai lililofunika kibanda chake, akamwambia aingie ndani.

Basi huyo mmoja ndiye aliyekuwa habari yote. Aimée alikuwa na miaka kumi na sita na alisoma Mulungwishi, akilala kwa Julie, dada wa marehemu baba yake. Sasa chakula kilikuwa kimekwisha kule kama kilivyokwisha kila mahali, na Julie alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori: njoo umchukue mtoto wako, hapa tunalala na njaa. Kumchukua si kazi. Kazi ilikuwa kurudi naye.

Mwaka ule wa tisini na tatu, jamani, kila kitu kwetu kilikuwa kimeoza. Kazi imekufa, mishahara imekuwa hadithi ya kuchekesha watoto. Askari walikuwa wamejilipa wenyewe kwa kuvunja maduka, na waliokuta maduka yamekwisha kuvunjwa walikwenda kukaa barabarani, wakafunga kamba kati ya miti miwili, wakaiita barrière. Moja ya hizo kamba ilikuwa pale barabara ya Mulungwishi inapokata reli. Mwanamke mtu mzima alitoa unga, akapita. Binti alibaki. Binti wa jirani yao Suzanne alibaki pale "kupika", wakamwachia baadaye. Alirudi, ndiyo, miguu yake ilirudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema hata jina lake.

Alphonsine alikwenda kumwona yule binti mara moja tu. Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, akavuta sanduku la Germain chini ya kitanda, akaifunua bastola. Germain alikuwa mkubwa wa walinzi kwenye bohari moja. Bohari ilipoporwa, bastola ilibaki naye, kisha tumbo likamuua katika mji usio na kidonge hata kimoja, ikabaki na mjane. Alikuwa amewahi kumfundisha kuipiga, nyuma ya machimbo ya Kakontwe, kwa mchezo, siku za Jumapili. Enzi hizo watu walikuwa na michezo.

"Sasa sema kweli," Athanase akamwambia. "Ni ya barrière?"

"Ni ya barrière."

Fundi hakumuuliza tena. Aliweka vitu vitatu juu ya gunia.

Cha kwanza kilikuwa mfuko wa kiunoni, wa zamani, wenye kifuniko kipana cha ngozi. "Hii ni ya mbio. Unaweka mukono, unatoa. Lakini bale basoda ba ku barrière, kitu ya kwanza ni kukupapasa kiuno, juu bamama banafunga feza pale. Batakuvua hiyo mbele hata ya kukusalimia."

Cha pili kilikuwa cha paja, kimekatwa kutoka ule mkanda mpana wa mpira unaobeba mawe kiwandani. Alphonsine akajaribu kukikunja kwa vidole, hakikukunjika.

"Hii haiishe milele," Athanase akasema. "Lakini itakula nyama yako. Utafika Mulungwishi na kidonda."

"Na hii?"

"Hii ni ngozi ya kiti ya mukubwa mumoja. Usiniulize nani alileta kiti."

Nani angeuliza? Likasi nzima mwaka ule ilikuwa imekalia au imevaa kitu cha mtu mwingine. Ngozi ilikuwa laini, ya rangi ya chai, na kwa ndani fundi alikuwa ameshonea flaneli ili jasho lisichubue. Mikanda miwili ilizunguka paja, wa tatu ulipanda kiunoni kuushikilia mfuko usiteremke mtu akitembea. Mdomo wake ulifungwa kwa ulimi mwembamba wa ngozi na kifungo kimoja cha kubana.

Athanase akaligeukia turubai, mgongo kwake, kwa heshima. Alphonsine akauvaa, akakishusha kikwembe chake cheusi, kitenge kipana alichojizungusha mara mbili, akatembea hatua chache ndani ya kibanda. Hakuna kilichotokeza. Akajaribu kupenyeza mkono pembeni, kikwembe kikamkatalia. Njia ilikuwa moja tu: kukamata pindo la chini na kuliinua lote mpaka juu ya paja.

"Umesikia sasa?" Athanase akaliuliza lile turubai. "Mama muzima kuinua kikwembe mbele ya batoto ya benyewe. Unajua ile ni kitu gani."

"Najua."

Alijua, nani hakujua? Mama akikuvulia nguo amekulaani, umekwisha. Hakuna dawa, hakuna padri, hakuna mganga. Bibi yake mzaa mama alimwinulia kikwembe msimamizi mmoja kule machimboni aliyempiga mwanawe, na yule msimamizi, baba mwenye tumbo na saa ya mnyororo, alilia chini vumbini kama mtoto.

"Haya yangu ilikufa na Germain," Alphonsine akasema. "Ninachukua hii."

"Sawa. Basi sikia, mama." Fundi sasa aligeuka. "Ya paja haina katikati. Ya kiunoni unaweza kushika tu, kutisha tu. Hii hapana. Ukiinua, fungua. Ukifungua, vuta. Ukivuta, piga. Ukisimama katikati, batakuua weye na mutoto yako. Ukianza, maliza."

Alimlipa kwa unga, na Athanase akamrudishia kopo moja kwa ajili ya njia.

Nyumbani alifunga mlango wa chumba akaweka kiti mbele yake. Kiti kilikuwa askari. Inua, fungua, vuta, piga. Mwanzoni kikwembe kilimnasa kidoleni, kisha kifungo kikamkataa, akakitukana kifungo matusi ambayo wenzake wa Legio ya Maria kanisani hawajui kama anayo. Akarudia mpaka mkono ukaacha kumwuliza. Unajua mtu akifanya ishara ya msalaba, hajiulizi sasa ni bega lipi. Mkono unakwenda wenyewe mpaka Amina. Mkono wa Alphonsine ulifika hapo.

Asubuhi ya safari alipiga magoti. Alimweleza Mungu, kama mtu anavyomweleza bwana mkubwa asiye na muda, kwamba akiinua kikwembe halaani mtu. Anatoa bastola tu, Mungu aandike hivyo. Alijipanga na Mungu vizuri kabisa. Ila hakufikiri, hata mara moja, wale watakaomwona watafikiri nini.

Kwenda kulikuwa rahisi mno. Lori lilimteremsha kabla ya reli, kwa sababu madereva hawakupenda kukaribia kamba ile, akamalizia kwa miguu. Pale barrière walikuwa wawili na bunduki moja. Mkubwa wao, kaporali mfupi mwenye macho mekundu, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenzake mrefu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na bunduki begani na kandambili miguuni. Viatu alikuwa ameviuza au ameibiwa.

"Floribert, angalia mukoba," kaporali akaamuru.

Yule mrefu akapekua kikapu. Akampapasa kiuno kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa sufuria ya moto, kisha akaziona nguo vizuri, akarudisha mikono.

"Mama, iko na matanga?"

"Bwana yangu."

"Pole, mama. Na mama yangu alibaki vilevile." Akamfungia kikapu chake upya, fundo zuri la mtu aliyelelewa, na kaporali alipogeuka kutema mate akamrudishia nusu ya unga. "Pita, mama. Pita mbio."

Alphonsine akapita. Mfuko ulimbana paja chini ya kitambaa, na hasira ikampanda kwa ajili ya ule wema mdogo. Hakuutaka. Ni vigumu kumfanya kiti mtu aliyekufungia kikapu.

Aimée alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini alipomwona mama yake alicheka kicheko kilekile cha baba yake, na Alphonsine akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. "Mama, kitu gani kigumu hapa?" Akamwambia ni ufunguo wa sanduku. Usiku walilala kitanda kimoja. Kesho yake Julie alimpaka mpwa wake majivu usoni, akamvika gauni lake kuukuu linaloning'inia, akamfunga kitambaa kama cha bibi kizee.

"Utembee nyuma yangu," Alphonsine akamwagiza. "Usiangalie mutu. Na kama nikifanya kitu, kitu yoyote, usishangae. Ukimbie mbele, upande wa Likasi."

"Utafanya nini, mama?"

"Tembea."

Walifika kwenye reli jua limeshaanza kuinama. Kaporali alikuwa amekunywa. Ile pombe ya mahindi ilinuka kabla hawajafika kwenye kamba, na alipomwona Aimée alisimama, ndoo ikaviringika mpaka mtaroni.

"Eh! Mama ya jana! Ulienda kututafutia mupishi?"

"Ni mugonjwa huyu, mwanangu. Anakohoa damu."

"Nitamuponyesha." Akaupitisha mkono usoni pa Aimée, akaangalia majivu kidoleni, akacheka. "Abakie kidogo tu, atupikie bukari. Kesho utamuona kwako."

Alphonsine akatoa unga wote. Akatoa kitambaa cha kichwa. Akatoa rozari yake ya fedha, zawadi ya ndoa, na kaporali akaichukua akaivaa shingoni bila hata kuitazama. Kisha akamkamata Aimée kifundo cha mkono.

"Kaporali, acha," Floribert akasema. "Mama iko na matanga. Ni vibaya."

"Matanga ni ya mama, haiko ya mutoto."

Aimée hakupiga kelele. Alimtazama mama yake tu, na ndani ya macho yale Alphonsine alimwona binti wa Suzanne amekaa kwenye mkeka, anatazama ukuta. Mkono ukashuka kwenye pindo.

Inua.

Kikwembe cheusi kilipanda mpaka juu ya paja, na kaporali ndiye aliyeona kwanza. Hakuona ngozi ya kiti wala mikanda. Aliona mama mwenye matanga, mumewe hajakauka kaburini, anamvulia nguo barabarani. Ulevi ulimtoka palepale. "Mama, hapana! Mama, usituvulie!" Akamwachia Aimée kama mtu aliyeshika kaa, akaziba macho kwa viganja, akatokomea kwenye majani marefu akijikwaa na kulia.

Fungua.

Floribert naye aliona. Aligeuka upesi ili asitazame, na bunduki iliyokuwa begani ikageuka pamoja naye, mtutu ukapita mbele ya kifua cha Alphonsine.

Vuta.

Yule kijana alikuwa ameanguka magotini tayari, amempa mgongo, mikono yote miwili usoni, paji la uso karibu na changarawe. "Mama, pardon. Mama, pardon. Minye sikumugusa. Mama, pardon."

Alphonsine alimsikia. Neno kwa neno alimsikia, na aliona mikono ile mitupu juu ya macho, na kandambili moja iliyokatika kamba. Mkono haukusikia. Mkono ulikuwa njiani kuelekea Amina.

Ukapiga.

Floribert alilala kifudifudi taratibu, kama anayetafuta kitu chini. Alisema "mama" mara moja tena, lakini hiyo haikuwa ya Alphonsine. Kisha akanyamaza.

Aimée hakuwa amekimbia. Alisimama palepale kwenye kamba, kifundo cha mkono bado chekundu.

"Alikuwa anakuomba musamaha," akasema.

"Tembea."

"Mama, alifunika macho."

"Tembea, nimesema!" Alphonsine akapaza sauti ambayo hakuwa ameitumia kwa mtoto wake tangu azaliwe. Akairudisha bastola kwenye mfuko. Kifungo kilibana kwa urahisi safari hii, na kikwembe kikashuka kikafunika kila kitu kama vile hakuna kilichotokea.

Walitembea. Mama mbele, binti nyuma kwa mbali, mbali kuliko alivyoagizwa. Alphonsine alitaka kugeuka kumwambia kwamba mtutu ulipita kifuani pake, kwamba bunduki ni bunduki, kwamba angejuaje. Lakini alikuwa amejua. Kulikuwa na nafasi ndogo, ya pumzi moja, na katika pumzi ile alijua. Machozi yalimtiririka akayaacha yatiririke. Asingepiga, Aimée angeishia kwenye mkeka, alijiambia, na hilo nalo lilikuwa uongo, maana Aimée alikuwa ameshaachiwa. Yule mwenye hatia alikuwa anakimbia majanini na rozari yake shingoni. Aliyepigwa risasi ni yule aliyemfungia kikapu.

Habari ina miguu mirefu kuliko ya watu. Kaporali alikuwa amedaka baiskeli ya mtu au lori la mtu, Mungu anajua, na amepita kila kijiji akipayuka. Walipofika kwenye nyumba za kwanza za Likasi, mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo aliwakimbilia.

"Bamama, munatoka njia ya reli? Munasikia? Mujane mumoja anainua kikwembe pale barrière, soda mumoja anakufa palepale! Bila kumugusa! Kamba inafunguliwa, hakuna mutu pale tena, batoto yetu banapita bure!" Akapiga magoti kidogo, akapiga makofi mawili ya shukrani kuelekea mbinguni. "Mungu amubariki ule mama!"

"Amina," Alphonsine akajibu, kwa kuwa mdomo pia una mazoea yake. Aimée akamtazama mama yake, kisha akaangalia chini.

Nyumbani giza lilikuwa linaingia. Alphonsine akawasha kibatari, akachemsha maji, akamimina kwenye beseni, akamwambia mtoto anawe majivu. Aimée alinawa. Uso ukatokea, mzima, bila alama, uso alioufuata na kuurudisha. Kwa hilo angalau alimshukuru Mungu, akashukuru kweli. Akanyoosha mkono amguse shavu. Mtoto akasogea nyuma nusu hatua.

"Umechoka," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

Mfuko ulikuwa umeanza kumchoma. Flaneli ilikuwa imelowa jasho, mikanda imevimbisha nyama, hakuweza kuuvumilia tena hata dakika. Hakuna la kuficha sasa, mtoto ameona yote. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha Germain, akakamata pindo la kikwembe, akakiinua ili afungue mikanda.

Aimée aligeuka upesi ukutani, akapiga magoti, akafunika macho yake kwa mikono miwili.

Alphonsine akabaki ameshika pindo. Aliita "Aimée" kwa sauti ya chini, akaita tena. Mtoto hakuitoa mikono. Mwishowe akakishusha kikwembe taratibu, akalala nao mfuko ule pajani mpaka asubuhi.